Mbwa Mwenye Sauti

Miaka ile ya hamsini, madini ya risasi yalipokuwa bado yanachimbwa Mpanda, mimi nilikuwa fundi wa nguzo mgodini. Kazi yenyewe ni hii: wachimbaji wakisogea mbele, wewe unawafuata na magogo, unalishikilia dari lisiwaangukie. Shule niliiacha darasa la pili na sijaona hasara yake. Katika zamu zangu hakuna mtu aliyefukiwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nguzo zitaingia katika habari hii.

Mzungu mmoja wa stoo alipanda treni akarudi kwao, akamwacha mbwa wake nyuma ya nyumba, amefungwa mnyororo. Siku tatu tulimsikia. Watu wanakwenda zamu, wanarudi, mbwa analia, kila mtu anasema mwenyewe atakuja. Siku ya nne nilichukua tindo nikaukata mnyororo. Nilidhani nitakuta mbwa anayekufa. Yule alinirukia kifuani akaniangusha chali, akanilamba mpaka masikioni.

Alikuwa dume, mkubwa kama ndama, rangi ya majani makavu, na bado mtoto, miguu mirefu kuliko akili yake. Jina aliloitwa na Mzungu sikulijua, na mimi sikumpa lingine. Nilimwita "wewe", akaja.

Nyumba za kambi zilikuwa za mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Siku ya kwanza alivunja banda la kuku la mke wangu. Siku ya pili alikula ugali wa watu wanne, wa moto, sufuria ikiwa bado mafigani. Siku ya tatu alitia ulimi kwenye maji ya udhu ya jirani yangu, mtu mpole ambaye hajawahi kunijibu vibaya. Hata siku hiyo hakugomba. Alikiosha chombo chake mara saba, mara moja kwa udongo, na kila mara aliinua macho akanitazama.

Nikimfunga, ndiyo balaa zaidi. Habweki. Analia, sauti ndefu inayoanzia chini na kupanda, kama mtu anayeita wenzake kutoka mbali na hajibiwi. Watu wa zamu ya usiku hawakulala mchana.

Nyapara wa kambi alikuwa mtani wangu. Akaja akasimama mlangoni.

"Huyu mzungu wako hajapata treni?"

"Anasubiri nauli yako," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Jumamosi isimkute hapa. Bwana mkubwa wa mgodi Jumamosi ana bunduki na hana kazi."

Basi nikatafuta. Fundi wa reli alimtaka, akaja kumwona anavyokula, akakumbuka ana safari. Katekista alimchukua asubuhi, akamrudisha mchana na kanzu yake mkononi, imechanika tangu kiunoni. Wengine walitaka mbwa mdogo, wengine walitaka mbwa aliyekufa moyo. Na mimi nilikuwa na kiburi: sikutaka kumpa mtu yeyote tu. Mbwa niliyemkata mnyororo kwa mkono wangu atapata mahali pazuri.

Alhamisi alikuja mzee mmoja, mwembamba, ana mzigo wa ngozi begani. Alikuwa akizileta dukani Kashaulili, mjini. Tulikuwa tumekaa nje, mimi, nyapara na wenzangu wawili wa zamu.

"Huyu ndiye anayesikika?" akauliza.

"Ndiye, mzee. Umemsikia wapi?"

"Nikiwa stesheni." Akaweka mzigo chini. "Ukimfunga peke yake, analia muda gani?"

Hapo nilijaza kifua. "Mzee, huyu hachoki. Mfunge jua likizama, majogoo yatamkuta analia. Mpanda nzima hakuna mbwa mwenye pumzi hii."

"Utakosa usingizi, mzee," nyapara akamtania.

"Mimi silali sana."

Hakuuliza mbwa anakula nini. Hakuuliza kama anauma wala kama anawinda. Niliyaona hayo yote, nikayapita. Na mbwa, ambaye hata bwana mkubwa alikuwa akimrukia, alilala chini mbele ya yule mzee, tumbo ardhini, akakojoa pale pale.

"Leo amepata bwana wake," nyapara akasema, tukacheka.

Kwetu ukimpa mtu mnyama, unamtia kamba mkononi mbele ya watu, na hapo umemaliza. Humdai tena. Nilimtia kamba mkononi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na walipoondoka akaniuliza, "Mzee yule ananuka nini?"

"Chumvi ya ngozi."

"Chumvi hainuki hivyo," akasema, akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kashaulili kununua sabuni. Mwenye duka alikuwa anazikunja zile ngozi. Za chui, tatu. Nikaishika moja, nikaigeuza. Haikuwa na tundu.

"Shehe, huyu mzee anaua chui kwa kitu gani? Hapana alama ya bunduki."

"Kwa mbwa, fundi."

"Mbwa gani wa kumkamata chui?"

"Mbwa hamkamati," akasema. "Mbwa anamwita."

Akanieleza huku anakunja. Boma la magogo lenye vyumba viwili. Chumba cha nyuma anatiwa mbwa, cha mbele kinaachwa wazi. Mbwa akilia, chui anakuja. Akiingia kumfuata, gogo la mlango linaanguka nyuma yake. Kati yao ni ukuta wa miti.

"Na mbwa anapona?"

"Ukuta ukiwa mzima." Akanitazama. "Mbwa wa mzee yule hawazeeki, fundi."

Sabuni niliiacha palepale. Nilipanda baiskeli nikashika njia ya Sibwesa, na kijiji cha yule mzee, alichonielekeza mwenye duka, kilikuwa kabla ya huko, mwendo wa saa nne, mbung'o wananiuma mgongoni. Nilifika jua bado liko juu, lakini mbuzi walikwisha kufungiwa ndani na milango imeegemezwa magogo. Hakuna aliyekuwa nje isipokuwa mzee na mwanamke mmoja aliyefungwa mkono kwa kitambaa, kuanzia begani hadi vidoleni.

Nikasalimia. Nikasema, "Mzee, nimekuja kumchukua mbwa wangu."

"Kamba uliitia mwenyewe mkononi mwangu," akasema, bila ukali. "Watu walikuwepo."

"Hukuniambia kazi yake."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unamsifia."

Yule mwanamke akaunyanyua mkono wake. "Wewe mtu wa mgodini, umeendesha baiskeli tangu asubuhi kumlilia mbwa. Mimi chui alinikuta kijitoni, ndoo kichwani. Mkono huu umeulilia?"

Nikaegemeza baiskeli kwenye mti.

Nikaomba nimwone mbwa tu. Boma lilikuwa karibu na kijito. Aliponiona, mbwa aliruka, na boma zima likatikisika. Kwenye kigingi cha nyuma palikuwa na vipande vinne vya kamba kuukuu, vyote vimekatikia mahali pamoja. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa kati nikasukuma. Ulinyumbuka. Miti ya zamani, mchwa wameila chini, imefungwa kwa magome makavu. Mgodini mtu angeniletea nguzo kama ile ningempiga nayo.

"Nipe shoka," nikamwambia mzee.

Tulikata miti mibichi, minene kama paja. Nilichimba mashimo mpaka kwapa, nikaisimamisha mmoja mmoja, nikaikaza kwa kabari juu na chini kama tunavyokaza dari. Mzee alishika, mimi nilipiga. Mbwa alidhani ni mchezo. Aliiba kabari moja akakimbia nayo ndani ya kile chumba kidogo, huku na huku, mkia unapiga magogo, nami nikapoteza muda kumnyang'anya.

"Unamjengea nyumba?" mzee akauliza.

"Najenga ukuta."

Jua lilipogusa miti, kazi ilikuwa imekwisha. Mlango wa chumba chake niliufunga mimi mwenyewe. Alisimama akaweka pua kwenye upenyo, akisubiri nifungue tuondoke.

Nililala kwa mzee. Yule mbwa alilia kama nilivyomsifia, bila kuchoka. Karibu na majogoo alinyamaza, katikati ya sauti, kama imekatwa kwa kisu. Kisha tukasikia magogo yanapigwa, muda mrefu. Mzee hakuinuka. "Bado," alisema. "Ngoja kuche."

Kulipopambazuka, gogo la mlango lilikuwa chini na chui yuko ndani. Mzee na wenzake walimmaliza kwa mkuki mwembamba, kupitia mdomoni, sitaki kueleza zaidi. Ukuta wangu ulikuwa umechanwa mpaka weupe wa mti, michirizi inaingia kidole. Nguzo moja ilipasuka. Kabari zilishika.

Mbwa alikuwa pembeni, mzima, hana hata mkwaruzo. Nikamwita. Hakuruka. Alikuja taratibu, tumbo chini, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka.

Mzee alimfunga kwenye mti, akatuondoa sote, tukasimama mbali. Tulingoja mpaka jua likawa kali. Mbwa hakulia. Akamfungua, akanitia kamba mkononi mbele ya mwanamke yule na watu waliokuja kumtazama chui.

"Huyu hana kazi kwangu tena," akasema.

Nilirudi naye Mpanda, anatembea nyuma ya baiskeli, kamba imelegea. Nyapara alikuja jioni ile, akamtazama, na habari ya bunduki hakuirudia. Akawa wangu, miaka mingi. Kuku walipita juu ya mgongo wake. Chombo cha udhu cha jirani kilikaa karibu na pua yake, hakukigusa. Ndani ya nyumba hakuingia kamwe, hata mvua ya masika ikimpiga.

Watu wa kambi walinisifu. Walisema nyie hamjui, huyu fundi amemfundisha yule mbwa adabu kwa siku moja. Mke wangu alinitazama kila waliposema hivyo. Nami nilikubali sifa.