Ofisi ya Argyro Ina Vitanda Viwili

Argyro Balta ni wakili, na wateja pekee alionao ni watalii wanaomwachia mchanga bafuni. Chumba anachokisafisha kilijengwa na baba yake kiwe ofisi ya uwakili.

Saa tano asubuhi, mjini Kavala. Wageni wameshakimbilia feri ya kwenda kisiwa cha Thasos. Argyro, mwenye miaka thelathini na sita, anatoa mashuka, anafungua madirisha, anapiga deki. Chini barabarani Fani, muuza samaki, anampaazia sauti: "Wakili, ukimaliza hayo mashuka njoo unitetee. Mume wangu anadai faida nimeila mwenyewe."

Argyro anacheka, lakini si sana. Ofisi ya chama cha mawakili inafungwa saa saba, na kabla ya hapo anataka kurudisha kitambulisho chake cha uwakili, aiache kazi hiyo. Baba yake hajui.

Alipokuwa na miaka kumi na minane alitaka kufundisha chekechea. Kilichomponza ni alama. Mtihani wa taifa alifaulu mno. Chekechea ilitaka alama chache, sheria ilitaka nyingi, na kwao alama zinazobaki ni kama mkate uliotupwa. Shangazi, mwalimu, hata padri walimwambia asizipoteze. Akajaza sheria kwenye fomu ya chuo.

"Sikulazimishwa," anasema. "Nilifurahi. Baba aliwanunulia kahawa mkahawa mzima."

Lakini mahakamani alikuta wamejaa wenzake wenye alama kama zake. Mawakili wakubwa walimtuma kuwaombea kesi ziahirishwe, euro kumi na tano kwa kila kesi. Kuna miezi alipata mia tatu, na michango ya bima ikachukua zaidi ya nusu. Majira manne ya joto sasa, ofisi inapangishwa watalii.

Mlango unafunguliwa. Ni Stergios, baba yake, fundi vigae mstaafu, amekuja kutazama bomba linalovuja. Anakaa kitandani kwanza, apumzishe magoti. Argyro anaendelea kufuta kioo, na bila kugeuka anamwambia habari ya kitambulisho.

Mzee anauliza:

"Unarudisha, au wamekunyang'anya?"

"Narudisha, baba."

"Sasa mkahawani nitawaambia nini?"

"Waambie binti yako anasafisha vyumba. Wanajua. Fani ananiona kila siku."

Stergios anatazama vigae alivyovipanga mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili.

"Kumbe nilipowasimulia habari za wakili wangu, walikuwa wananiitikia tu," anasema.

Argyro anaweka kitambaa chini. Mzee anainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, anakwenda kwenye bomba, na akiwa amempa mgongo anamwambia avae lile koti jeusi la mahakamani. Asiende kule amelowa.

Septemba Argyro ataanza masomo ya jioni ya kuwa msaidizi wa chekechea. Ni miaka miwili. Anasema watoto hawatamuuliza alikuwa wapi.

Alikuwa huku: miaka minne ya chuo, mmoja na nusu wa mafunzo, kumi na miwili ya kuahirisha kesi za wengine. Mizeituni ya marehemu mama yake iliuzwa yote kugharamia hayo. Magoti ya Stergios yameharibika, yote mawili. Na Lefteris, fundi umeme aliyetaka kumwoa, aliambiwa asubiri mpaka ofisi ipate wateja. Alisubiri miaka mitatu, akaenda Ujerumani.