Kifungo cha Koti la Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nilipotoka Suma kwenda Tukuyu mjini kununua darubini ya macho mawili. Kijiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwaongoza wageni msituni, Mlima Rungwe, wakawaone mbega. Tulioiomba kazi tulikuwa wawili: mimi niliyeolewa juzi tu, na Ambakisye, kijana wa maneno mengi. Nikiikosa, narudi kuchuma chai ya watu. Sikutaka kabisa!

Dukani kwa Mzee Salum zilikuwepo mbili: moja ndefu, nzito, na nyingine ndogo yenye kioo kipana mbele. Nikaikumbatia ile ndefu.

"Binti yangu, darubini haichaguliwi ndani," akasema. "Toka barazani, tazama barabara ya Makandana."

Nikatazama. Picha ilitetemeka, lakini nikaona kifungo cha koti, kinaning'inia kwa uzi. Nikafurahi, kimekuja karibu ajabu! Nikapandisha kidogo: ndevu. Nikapandisha tena: Mungu wangu, baba mkwe!

Ninyi wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona kwa mbali, anaacha njia. Na mimi nilikuwa namchunguza ndevu! Nikajitupa nyuma ya magunia mpaka akapita.

Nilipomsimulia nilichokiona, Mzee Salum alicheka hadi machozi. "Ile ndogo haivuti sana, ingekuonyesha barabara nzima. Ungemjua kwa mwendo wake, ukakimbia mapema. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Nikachukua ndogo. Ambakisye akaja kuinunua ile ndefu, akanicheka.

Siku ya kujaribiwa, wazee wa kijiji walitupeleka msituni, ukungu umelalia miti. Ambakisye akahangaika jani kwa jani, darubini nzito ikimchosha mikono. Mimi nikautazama mti mzima, na pembeni tawi likayumba bila upepo. "Wale pale!" Mbega na watoto wao, mikia myeupe inaning'inia! Wazee wakapokezana darubini yangu wakishangilia, na kazi nikapewa palepale. Nilishuka mlima ninaimba.

Jioni baba mkwe, ambaye hakuwahi kunisemesha, alisimama nyuma ya jiko nilimokuwa, akaiambia migomba kwa sauti kubwa ili nisikie: "Ndaga fijo, asante sana, mkamwana wangu! Umeipa nyumba hii heshima. Na kile kifungo, Salum ameniambia. Nimeshakishona."

Nililia kwa furaha, nikicheka.

Sasa nawe unaiomba kazi hiyo, unakwenda kununua darubini yako, mwanangu. Kabla hujauliza inavuta mbali kiasi gani, jiulize utaitazamia wapi. Kwa msitu wetu wa giza na ukungu, chukua inayovuta kiasi, yenye kioo kipana, isiyoingiza maji, isiyochosha mikono. Na uijaribu nje, hata mwenye duka akinuna. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huambiwa atazame kwa upana.

Nenda, Mungu akulinde mlimani. Akujalie kumwona mtu mzima, kichwa hadi miguu, kabla ya kifungo chake, na siku yako ya kushuka ukiimba nami niisikie sauti yako kutoka hapa Suma.