Geti la Wenyewe

Mwanangu, kabla hujafunga hilo begi, kaa kidogo. Nakumbuka siku moja, enzi za usichana wangu, nilimsindikiza mama yangu Mombasa kwa ndege, na nusura nimpeleke Bunia, huko Kongo.

Mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, alikuwa mahututi. Hawakuwa wameonana tangu mama alipoolewa akaletwa huku Kampala. Ndege ya Mombasa ilikuwa moja tu siku hiyo, na mama alikuwa na hakika kwamba tukiikosa, atakachokuta ni kaburi. Mimi nilikuwa kijana, najua kila kitu. Pasi zetu za kupandia ndege zilionyesha geti la kwanza. Nikazisoma mara moja, nikazitia mkobani.

Wewe umezaliwa hapa Kansanga, unajua dukani kwetu ni Luganda kutwa nzima. Kiswahili ni cha nyumbani, au cha askari akikusimamisha njiani. Kwa hiyo tulipopita ukaguzi pale Entebbe, tukasikia akina mama waliojitanda vizuri wakicheka kwa Kiswahili, moyo wangu ulitua. Lafudhi yao ilinitatiza kidogo, lakini nikasema Mombasa nayo ni kubwa.

"Hawa ndio wenzetu," nilimwambia mama. Tukaketi nao pale geti la kwanza. Skrini ilikuwa juu ya vichwa vyetu, wala sikuinua macho.

Basi mama, ambaye hawezi kukaa karibu na mtu asimlishe, akafungua mkebe wake wa visheti, akaupitisha. Wakala, wakasifu. Akamgeukia aliyekuwa karibu naye.

"Nyinyi mwashukia mjini au mwavuka Likoni?"

Yule mama akacheka. "Likoni ni wapi, mama? Sisi tunaenda Bunia."

Ndipo nilipotazama juu. Ndege ya Mombasa ilikuwa tayari inapakia abiria, geti la nne. Walihamisha geti nasi tunakula visheti! Nilimshika mama mkono, mkebe tukawaachia Wakongo, na mama akavua viatu akakimbia peku, buibui likipepea. Njia nzima alikuwa akilitaja jina la dada yake.

Kijana wa mlangoni alituona tukija. "Pole pole, nyabo," alimwambia mama, kwa heshima ya Kiganda. "Bado sijafunga."

Tulikuwa wa mwisho kuingia. Sijapata kufurahi kufungiwa mlango kama siku ile. Niliusikia ukibana nikalia kwa raha. Nilingoja mama anifokee. Alifunga mkanda, akapangusa jasho, akasema, "Mtu akizungumza kama wewe, mpende, mpe visheti. Lakini usijiambie unajua aendako. Una mdomo, muulize." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi.

Mama mkubwa tulimkuta macho wazi. Dada wawili wakashikana mikono, wakaanza kubishana nani kazeeka zaidi. Mama mkubwa alipoondoka duniani baadaye, mama alikuwa kando yake, na hilo lilimtuliza mama maisha yake yote.

Sasa kesho ni zamu yako. Asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, hakikisha kwa shirika la ndege lenyewe kama saa imebadilika, usitegemee ujumbe wa wale shangazi zako kwenye simu. Ukishaingia ndani, itafute namba ya ndege yako kwenye skrini, si jina la mji peke yake. Ukienda msalani, ukirudi itazame tena, maana geti huhama wakati wowote. Ukiona shaka, nenda kwa mfanyakazi wa pale getini, umwonyeshe pasi yako. Atakujibu kwa neno moja, na utakaa kwa amani.

Mungu akutangulie, mwanangu, akufikishe, na wale unaowaendea uwakute macho wazi. Mkebe huu wa visheti ni wako. Wagawie utakaoketi nao, ila kwanza waulize wanakwenda wapi.