Dada Kamusi na Maneno ya Maangamizi

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mfasiri wa habari redioni. Wenzake walimwita Dada Kamusi, ingawa kamusi yenyewe aliifungua mara chache. Meza yake ilibanwa kati ya mashine ya kupokea na kuchapa habari na dirisha lisilofunguka. Habari ziliingia kwa Kiingereza kutoka shirika la ng'ambo, naye akazigeuza kuwa Kiswahili kabla msomaji hajaingia studio.

Siasa na uchumi havikumsumbua. Kilichomtoa jasho ni maneno ya maangamizi. Waandishi wa Kiingereza walikuwa nayo kochokocho: dizasta, katastrofi, kalamiti, apokalipsi, dumsidei. Tena waliyamwaga ovyo. Timu ikifungwa mabao matano, katastrofi. Magari yakikwama barabarani saa mbili, apokalipsi.

Mwaka wake wa tatu kazini, kabla hajajifunza kuyaogopa, iliingia habari ya ghala la mafuta lililowaka katika nchi ya mbali. Mwandishi alisema ni apokalipsi. Dada Kamusi akaandika "kiyama", tena akakiweka mwanzo wa sentensi: "Kiyama kimeshuka leo asubuhi." Msomaji alikuwa na sauti nzito, akaisoma taratibu. Simu za kituo zililia hadi jioni. Baba mdogo wa Dada Kamusi, ambaye jina la nchi ile lilimpita sikioni, alioga, akavaa suti yake ya harusi, akakaa kwenye kochi kungoja. Alipoulizwa alijibu tu, "Redio imesema. Na aliyeandika ni mtoto wetu."

Tangu hapo neno lile alilifungia. Akajiwekea vipimo. Ajali ilikuwa ajali. Maafa yalihitaji maiti. Janga lilihitaji nchi nzima. Balaa aliwaachia watu wa mitaani. Mhariri, mzee mmoja mkavu, alilalamika kwamba taarifa zao zimepoa kama chai ya jana. Hakubishana naye, wala hakubadilika.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mvua. Saa nne asubuhi mashine ilitema karatasi, naye akasoma jina la mto wa mji wao wenyewe. Kingo zilikuwa zimebomoka alfajiri, na maji yakaingia mtaa wa bondeni. Mwandishi wa shirika, aliyekuwa ameangalia kutoka darajani, aliandika apokalipsi mara mbili na katastrofi mara tatu. Mama yake Dada Kamusi aliishi mtaa ule, nyumba ya nne kutoka mtoni.

Akapiga simu. Haikupatikana. Akampigia kaka yake, ambaye alikuwa njiani kwenda huko na hakujua lolote.

"Nenda, dada yangu," mhariri alisema. "Nitatafsiri mimi."

"Utaandika nini?"

Mzee akatazama karatasi. "Nitaandika ilivyo. Kiyama."

"Basi ngoja nimalize."

Akaketi. Akaanza kuandika. Aliyaruka maneno yote matano. Akaandika saa maji yalipoingia, nyumba ngapi, barabara ipi imefungwa, shule ipi imefunguliwa kuwapokea watu. Waliokufa walikuwa wawili. Hawakutajwa majina, naye akaandika "wawili". Juu kabisa akaweka jina la shule, kwa sababu ndicho yeye mwenyewe alichotaka kujua. Mhariri akaisoma mara mbili. Hakugusa kitu.

Alimkuta mama yake katika darasa la kwanza la shule ileile, amekaa kwenye kiti cha mtoto, miguu imejaa tope hadi magotini. Wawili waliokufa walikuwa mshona nguo wa jirani na mkewe. Mama aliwataja majina kwanza, kabla ya kusema lolote juu ya nyumba, ambayo ilikuwa imebakia kuta tatu.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Kazini, mama. Niliandika habari yenu."

"Mwalimu alituwekea redio tukasikia. Mwanamke mmoja hapa alitambua kwamba mumewe huenda yuko upande wa pili, kwa vile barabara imefungwa. Akaacha kulia." Mama akajifuta tope kwa kanga ya kuazima. "Ila mlisema nyumba arobaini. Ni arobaini na tatu."

Dada Kamusi akatoa kalamu, akaandika kiganjani. Akatoka hadi kwenye ukumbi wa shule, akampigia mhariri, na taarifa ya saa kumi ikasomwa ikiwa na nyumba arobaini na tatu. Kisha akarudi darasani kumtafutia mama viatu.