Bi Tomie Alivyoikanyaga Ginza

Kabla studio ya filamu haijaamua kwamba watu wazima nao wanahitaji dubwana lao, Wakimoto Seiji alikuwa mstaafu mwenye raha zake hapa mtaani kwetu Kinuta, Tokyo. Ujana wake aliumalizia ndani ya vazi la mpira, akiigiza Dorobazu, dubwana la filamu za watoto, kambare mrefu kama ghorofa anayeibuka kwenye tope la ghuba na kuibomoa Tokyo kila likizo ya shule. Mimi nilikuwa fundi wa hiyo Tokyo ya kuigiza, majengo madogo ya mfano. Nilijenga, yeye akavunja, na urafiki wetu ukadumu hivyo hivyo.

Kisha akaja Hirakata, mwongozaji kijana mwenye miwani mizito na huzuni nzito zaidi. Kazi yake ilikuwa kumfufua Dorobazu, safari hii kwa watu wazima. Yaani watu wenye ndoa na kodi, ambao hawaruhusiwi kufurahi.

"Mwalimu," alimwambia Seiji, akiinama mpaka miwani ikataka kudondoka, "Dorobazu wetu habomoi kitu. Anatafakari."

"Anatafakari nini?"

"Upweke."

"Kambare?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kambare ni sisi sote."

Nilidhani Seiji atamcheka. Wapi! Kichwa kilimvimba. Akaanza kuvaa skafu na kuukodolea macho mto. Nyumbani, mkewe Bi Tomie alimkuta ameduwaa mbele ya bakuli.

"Baba, supu inapoa."

"Naingia ndani ya mhusika."

"Basi ingia na supu."

Tukio la kifo cha Dorobazu lilirekodiwa mwezi wa Agosti, kilele cha joto la Japani, studio ikiwa tanuri. Dorobazu alitakiwa alale katikati ya Ginza yangu, ule mtaa wa maduka ya fahari wa Tokyo, niliyoijenga kwa udogo mpaka mabango ya maduka, afe taratibu kwa ajili ya dhambi za ustaarabu. Seiji alikataa katakata kumwachia mtu mwingine heshima hiyo. Tukamfunga zipu mgongoni. Akajilaza, akatikisa mkia, akatikisa sharubu, akatulia tuli.

"Oneni ukimya ule," Hirakata alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Hiyo ndiyo sanaa."

Sote tukaikodolea macho sanaa. Bi Tomie, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake, amemletea mumewe matonge ya wali, akakodoa pia.

"Huyo hata usingizini hatulii," alisema. "Amezimia, nyie!"

"Mama, tafadhali, tunarekodi..."

"Rekodi kaburi lako!"

Akaingia. Duka la saa likaenda na ndala ya kushoto, reli ikaenda na ya kulia. Njia ya pembeni ilikuwepo, hakuitaka. Mnara ulionasa aproni yake aliupiga kiwiko, ukalala. Akampindua Dorobazu kwa mikono miwili, akavuta zipu, ikakwama, akaing'ata. Seiji akatoka mwekundu kama pweza wa kuchemsha, akihema. Bi Tomie akammwagia chai baridi, akamtukana vizuri, kisha akaketi juu ya kituo cha polisi, akampepea huku analia.

Kamera haikuzimwa.

Filamu yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa dawa ya usingizi. Watu wazima waliivumilia kiutu uzima mpaka likafika tukio hilo, ambalo Hirakata hakulikata hata kidogo. Hapo ukumbi ukalipuka. Mabwana wenye tai walisimama juu ya viti, wakipiga kelele, "Kanyaga, Mama! Kanyaga!" Wachambuzi waliandika kwamba yule bibi ni dhamiri ya taifa. Mmoja hata alimsubiri nje ya ukumbi, amwulize alikusudia kusema nini.

"Nilikuwa natafuta zipu," Bi Tomie akamjibu.

Seiji alinuna mpaka joto likaisha na miti ikapukutisha majani. Nilipowatembelea, tukiwa mezani, alitoa dukuduku lake.

"Maisha yangu yote ndani ya mpira, hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yangu."

"Ungekufa wangesimama," Bi Tomie alisema, akimwekea kipande cha samaki. "Dakika moja, kimya kabisa."

Seiji akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi tumpigepige mgongoni.