Shemeji Hakuazima

Mwaka niliofiwa na mume wangu nilikuwa nasoma Kiingereza kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa parokia hapa Kamembe. Nililelewa Bukavu na kusoma kwa Kifaransa, na tuliporudi Rwanda watoto wangu wakawa wanafundishwa kwa lugha ambayo sikuweza hata kuwasaidia kazi za nyumbani. Mimi ni fundi cherehani. Shule zikiniletea kazi ya sare, maelezo yanakuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilijiandikisha.

Jumamosi moja mwalimu wetu, msichana mpole wa umri wa binti yangu mkubwa, aliandika ubaoni maneno manne: take, borrow, steal, rob. Alisema yote yanahusu kitu kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, lakini hayafanani. Take ni kuchukua tu. Neno lenyewe halikuambii kama kulikuwa na ruhusa. Borrow ni kuazima: umeomba, na utarudisha. Steal ni kuiba, na baada yake unataja kitu kilichoibwa. Rob humtaja mtu, kwa sababu yeye ndiye aliyenyang'anywa, kwa nguvu au kwa vitisho.

Akatuambia kila mmoja atunge sentensi kutoka maisha yake. Mimi nilisema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba shemeji yangu ameazima cherehani yangu.

"Alikuomba?" akauliza mwalimu.

"Hapana."

"Alisema atarudisha?"

"Hapana."

"Basi si borrow, Maman."

Nyuma yangu alikaa dereva wa lori la saruji kutoka Muganza. Alitaka kunisaidia. "Weka take," alisema. "Shemeji ni muntu wa familia." Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, take inatosha. Nikaliandika hilo neno, nikaliangalia, na hasira ikanipanda mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wananiambia jamaa za mume wangu tangu mazishi: amekamata tu, amekamata tu. Kwetu sisi wa Bukavu kukamata ni kuchukua, neno la kila siku. Unakamata mtoto mkono, unakamata chumvi mezani. Halina kosa ndani yake, na ndiyo sababu walilipenda.

Ilikuwa hivi. Mume wangu alikuwa mtu wa kisiwa cha Nkombo, na huko ndiko tulikomzika. Nilikaa matanga nyumbani kwa mama mkwe, nimefunga kitambaa kichwani, nalishwa kama mgonjwa. Katika siku hizo mdogo wa mume wangu alivuka kwa boti hadi Kamembe, akamwendea jirani aliyekuwa na ufunguo wangu, akamwambia nimemtuma. Jirani alimwamini, angeachaje kumwamini mtu aliyetoka kuzika ndugu yake? Akafungua. Shemeji akapakia cherehani, meza na yote, akavuka nayo mchana kweupe. Niliporudi nyumbani nilikuta mahali pake pamebaki vumbi tupu na vipande vya uzi.

Cherehani ile niliinunua mwenyewe Bukavu nikiwa msichana, kabla sijamjua mume wangu. Yeye alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani. Hakuwahi hata kutunga uzi kwenye sindano, na alikuwa akitania kwamba anaiogopa. Lakini alipokufa, ghafla ikawa mali yake, na mali yake ikawa ya ndugu yake.

Kwa wiki nyingi nilinyamaza. Nilishona kwa kuombaomba nafasi kwa wenzangu sokoni, wakienda kula. Nilisema ameazima kwa sababu nilitaka iwe kweli. Siku ile ya darasa nilitoka ukumbini nimeshajua kwamba nikiendelea kusema hivyo, nitakuwa nampa ile cherehani mimi mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilipanda boti. Shemeji nilimkuta uani anaanika sambaza. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, na ndani nilisikia cherehani yangu inakwenda. Ile sauti ninaijua.

Nilisalimu wote vizuri. Kisha nikasema, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya mashini yangu uliyoiba."

Akasimama. "Iba? Mimi nilikamata kitu ya ndugu yangu."

"Haikuwa ya ndugu yako."

"Na mwizi anajificha," alisema. "Mimi nilipita mchana. Majirani baliniona, hata polisi pale bandarini baliniona."

"Kama hukujificha, basi umeninyang'anya," nikamwambia. "Umemnyang'anya mjane akiwa matangani. Unaona hilo ndilo afadhali?"

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Mwanangu, usituletee neno la wizi katika nyumba hii. Ni kukamata tu. Mtaelewana."

"Maman," nikamjibu bila kupandisha sauti, kwa sababu nilimheshimu na bado namheshimu, "angekuwa amekamata tu, nisingekuwa nakaa sokoni nikisubiri wenzangu waende kula ndipo nipate kushona. Mimi nimesema alichofanya. Sina neno lingine."

Nikaingia ndani. Mke wa shemeji alikuwa anashona shuka. Nilitoa bisibisi kwenye mkoba, maana nilikuja nayo, nikalegeza mkanda. Nilijua meza na miguu ya chuma siwezi kuibeba peke yangu, lakini kichwa cha cherehani naweza. Yule mwanamke akatoa shuka lake taratibu chini ya sindano. Nilipofika kwenye skrubu ya pili, akanishikia kichwa kisianguke.

Shemeji alikuwa ameziba mlango. "Ukitoka na hiyo, ni wewe mwizi. Umeingia kwangu, umebeba bila kuniomba."

"Ita mkuu wa mudugudu, huyo wa kijiji chenu," nikasema. "Ita kisiwa chote kije. Mimi nitawaeleza nilivyoinunua, na wewe utawaeleza ulivyomwambia jirani yangu kwamba nimekutuma."

Hakumwita mtu. Tulisimama hivyo, mimi na kile chuma kizito kifuani, mafuta yake yananichafulia blauzi, mpaka mikono ikaanza kufa ganzi. Sikukiweka chini. Ni mama yake aliyesema jambo kwa lugha ya kisiwa, maneno machache ambayo sikuyashika yote, na shemeji akasogea.

Nilikwenda nacho hadi botini bila kugeuka. Wanawake waliokuwa wanavuka walinipisha nikae katikati.

Meza ilibaki Nkombo, na mpaka leo iko huko. Seremala wa Kamembe alinitengenezea nyingine ya mbao, inayumba kidogo, nimeizoea. Ilipofika siku ya kumaliza matanga rasmi, miezi kadhaa baada ya mazishi, jamaa walinikalisha wakataka nimwombe shemeji msamaha kwa kumwaibisha nyumbani kwake, ili familia itulie. Mzee mmoja alinisihi sana, kwa upole. Niliwaambia nitapika, nitagawa vinywaji, nitasali pamoja nao, lakini msamaha sitauomba. Wakasema nina kichwa kigumu kama watu wa Bukavu. Nikapika, nikagawa vinywaji.

Shemeji hanisalimu. Tukikutana sokoni anageuza uso, nami napita nimenyoosha shingo. Lakini mwaka huu, kabla ya Pasaka, mama mkwe alivuka peke yake, akaja na kitenge chake amekikunja kwenye mfuko. Hakugusia lolote lililopita. Nilimpima mabega, nikamkalisha kwenye kiti kizuri, na akakaa pale ananiangalia nikishona mpaka nguo ikaisha.