Muuza Maji Aliyeogopa Maji

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Githurai 45, nje kidogo ya Nairobi, bado haujapata kelele zake, lakini kwenye kisima cha Kinuthia mitungi imeshapanga foleni. Ibra anafunga mfereji, anainama na kuweka kiganja kwenye mguu wake wa kushoto. Anakiondoa. Anakirudisha tena.

Hajui kama mguu una moto au la. Mikono yake imekuwa kwenye maji tangu afike, na mkono uliopigwa na baridi huona kila kitu kina joto.

Siku nyingine kazi hiyo ya kuupima mguu huifanya mkewe, Zubeida, kabla Ibra hajashuka kitandani. Leo Zubeida amedamka kwenda Thika kuchukua mboga za kuuza, na Ibra ameanza siku bila jibu.

"Ukiwa na moto, kwisha mimi," anasema, macho kwenye mkokoteni wake. "Nitatetemeka, nitalala wiki, na nikiinuka mguu umeongezeka. Haurudi nyuma huu, wallahi. Unakwenda mbele tu."

Kuanzia gotini kushuka, mguu ni mnene, ngozi imekuwa ngumu na vidole vimezama. Ni matende. Kwao Kwale, huko Pwani, jina hilo linajulikana hata na watoto, lakini Ibra alilikwepa kwa miaka. Alikokulia, matende yalisemwa kuwa ya mtu aliyekanyaga uchawi, naye hakukumbuka aliyemkosea.

Ndiyo maana Kinuthia alipompa jina jingine, alilipokea kwa mikono miwili. "Hiyo mguu imejaa maji," mwenye kisima alimwambia uvimbe ulipoanza kuonekana kila jioni. "Usiongezee ingine."

Basi mtu anayeishi kwa kuuza maji akaanza kuyakimbia. Alifunga mguu kwa mfuko wa nailoni, akaufuta kwa kitambaa kikavu. Msikitini akaacha kwenda. Alitayamamu kwa vumbi nyumbani badala ya kutia udhu kwa maji, akijiambia mgonjwa ana ruhusa. Hata maji ya kunywa aliyapunguza, maskini.

Mguu ukapasuka katikati ya vidole. Ukatoa harufu. Homa zikaanza kumwangusha, moja ikiisha nyingine iko mlangoni, na wateja wakahama. Mama mmoja wa saluni alimwambia peupe, "Ibra, usiskie vibaya, lakini maji yako sitaki tena." Kinuthia hakumfukuza kisimani, ila aliacha kumpa mkono wa salamu.

"Hilo liliniuma kuliko homa," Ibra anasema. "Mtu tumesalimiana miaka, sasa ananisalimia kwa kidevu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ibra aliumbuliwa na mkewe. Asubuhi moja akiwa anatetemeka, Zubeida alimpakia kwenye teksi mpaka kliniki moja Thika. "Nilichoka kuambiwa kesho," Zubeida anasimulia. "Nilikuwa namwona anakwenda hivi hivi."

Muuguzi aliyewapokea, Kavata, aliwahi kufanya kazi Pwani. Hakuuliza habari za uchawi. Aliuliza kama Ibra alilala kwenye neti utotoni.

"Neti gani, dada? Mbu walikuwa wetu na sisi wao."

"Basi ni wao," Kavata akamwambia. "Mbu alikuuma akakuachia minyoo midogo sana. Imekaa humo miaka ikiharibu mishipa inayopitisha maji ya mwili. Wewe ni mtu wa maji. Paipu ikiziba, maji huenda wapi?"

"Hurudi nyuma."

"Ndiyo hayo. Yamekwama ndani. Ya mtungi hayaingii mguuni, na mguu wako hauambukizi mtu wala maji yake. Sasa niambie, uliuosha lini?"

Kavata akaleta beseni na sabuni, akachuchumaa, akamwonyesha kuosha taratibu na kukausha kila kidole. Homa, alimweleza, huletwa na uchafu unaoingilia kwenye nyufa zile. Aoshe kila siku, na akikaa auinue.

"Nililia," Ibra anasema. "Si kwa maumivu. Muuza maji mzima, nakufa kwa kukosa kunawa!"

Vipimo vikathibitisha, dawa akapewa. Lakini Kavata hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dawa hupambana na minyoo, ila mguu huenda usirudi ulivyokuwa. "Tunazuia usiendelee," alisema. Tangu hapo Ibra anaishi ndani ya neno hilo, "tunazuia". Miezi imepita bila homa, na kila asubuhi anaamka na hofu kwamba leo ndiyo mwisho wa bahati.

Mitungi imejaa. Ibra hashiki mkokoteni. Anamgeukia Kinuthia, aliyesimama kando ya kisima.

"Baba Wanyoike, hebu nishikie."

"Nishike nini?" Kinuthia anauliza.

"Mguu. Uniambie kama una moto. Mikono yangu imekufa ganzi."

Watu wote kwenye foleni wanawageukia.

"Haiya! Mimi si daktari."

"Simtaki daktari. Nataka mkono mkavu."

Kinuthia anatazama watu, anatazama mguu. Anafuta kiganja kwenye koti lake, kabla ya kugusa, kisha anainama na kukiweka juu ya ile ngozi ngumu. Anakiacha hapo. Anajishika shingo yake mwenyewe kwa mkono uo huo, kulinganisha.

"Iko tu kama yangu," anasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Na ni mimi nilikwambia usioshe."

"Watu wanangoja maji, Baba Wanyoike," Ibra anamjibu, lakini anacheka, na pumzi inamtoka ndefu.

Anasukuma mkokoteni kuelekea ploti za mbele. Ijumaa, anasema, atarudi msikitini. Atakaa kwenye mifereji ya udhu, katikati ya wenzake.

Na wakisogea mbali naye?

"Wasogee," anasema. "Mimi nitaosha miguu yote miwili."